Nukta ya Penseli

Alinifikia ndani ya kiberiti.
Papasi zake, ndefu mara mbili ya mwili,
zilikunjwa kama uzi wa fundi cherehani mvivu,
na moja imekatika kiungo cha tano.
Nimeandika hivyo hivyo: imekatika, cha tano, kushoto.

Kazi yangu ni nukta.
Hapa Amani, chumba cha nyuma, chenye harufu ya nafthalini,
nachoma sindano bawa la kulia, kamwe si la kushoto,
na chini yake karatasi ndogo kuliko ukucha:
mahali, kimo, tarehe, mti, nani.
Kisha nukta kwenye ramani.

Miaka kumi na minne, nukta kumi na tisa.
Derema, kwenye gogo la mfenesi, mvua za Aprili.
Kwamkoro, alijigonga kwenye taa ya mama Shemhilu
akaangukia mchicha.
Zirai, bawa tupu kwenye utando wa buibui.

Ukizitazama kwa mbali zinapinda, zinapanda, zinashuka
kama barabara.
Ni barabara.
Nilidhani nachora makazi ya mbawakawa,
kumbe nachora pikipiki ya Singano
na mahali petroli inapoishia.
Kule kweupe sikuandika "hayupo".
Sikwenda tu.

Sasa huyu wa kiberiti
katoka Chumbageni, mjini, kwenye kitanda cha bibi harusi.
Zuhra anasema ilianza mwezi wa pili wa ndoa:
krr, krr, usiku, upande wa mume.
Mama mkwe akafukiza ubani.
Ikatulia siku mbili.
Asubuhi moja, unga laini sakafuni,
tundu la duara kwenye tendegu,
na mgeni juu ya chandarua
akipapasa hewa kama mtu aliyepoteza miwani.

Nikampigia Mbaruku, seremala wa Muheza.
"Ni mti gani ule?"
Akakohoa. "Mti wa kitanda."
"Ulikatwa wapi?"
Simu nayo ikakatika.

Basi niandike nini?
Kimo: futi mbili kutoka sakafuni?
Huyu alikula giza miaka mitatu, pengine minne,
ubao ukipigwa randa, msasa, vanishi,
ukipakiwa, ukishushwa, ukitandikwa shuka jeupe,
naye anatafuna kwao kule kule.
Hakuhama. Kwao ndiko kulikohama.

Kanuni inasema aliyebebwa na watu hahesabiwi.
Babu yangu alikuja Ngomeni manamba, kutoka Kasulu,
akakata mkonge hadi vidole vikagoma kunyooka.
Yeye walimhesabu kila alfajiri.

Nimeweka nukta ya ishirini kwa penseli,
nyepesi, karibu na bahari,
mbali na wenzake.

Jana Zuhra kapiga: amimine mafuta ya taa tunduni?
Nikamwambia asubiri kwanza.
Akanyamaza kidogo.
Kisha akasema, kwa sauti ya chini,
kuna mwingine anatafuna,
safari hii upande wake.