Theluji ya Gongoni

Theluji tuliitoa Gongoni,
kwenye mashamba ya chumvi, kabla wapakiaji hawajafika na makoleo yao.
Thoya alimwaga nusu gunia juu ya mabega ya Mwadzombo,
akasema, "Tetemeka."
Naye akatetemeka, jasho likimchuruzika hadi ndani ya buti.

Joho nilishona mimi.
Pazia la hoteli iliyofungwa kule Kasuarina, zito, la buluu;
nikalipunguza upindo, nikatia bitana ya chandarua.
Kifuani nikadarizi mbayuwayu wa mabawa matatu
kama yule wa kwenye tamthilia
niliyoitazama misimu mitano katika banda la video la Maweni,
mpaka wenyewe wakaikata njiani:
Kapteni Ilvane kasimama mlangoni, mkono kwenye komeo,
na sisi hatukujua kama alifungua.

Basi tukamfungulia.
Hilo ndilo kosa letu, kwa lugha nyepesi.
Dakika thelathini na nane.
Nyari ya Marafa ikawa ngome ya adui,
upepo wake ukatupigia mbiu bila malipo,
na kiingilio hatukumtoza mtu.

Barua ililetwa na wakili wa Nairobi
kwa niaba ya wenye mali, ng'ambo.
Kurasa nne. Nilizisoma nikiwa na pini mdomoni.
Mhusika, jina, nembo, vazi, na mwonekano wake.
Nakala zote ziharibiwe ndani ya siku kumi na nne.

Mwonekano!
Mwadzombo kazaliwa Ganda.
Mwonekano alionao ni wa babake.

Mama hakutaka kusomewa. Alilishika joho, akalipindua,
akaukagua mshono kama anayetafuta chawa.
"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema.
Nikamjibu: hii sikuazima, nimeshona.
"Umeshona, sawa.
Kipimo ulichukua kwa nani?"

Thoya akaifuta mbele yetu.
Alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole,
kama anayezima taa asimwamshe mtoto.

Wiki ya tatu, pembeni mwa soko,
nikamkuta kijana na kompyuta yenye ufa,
flashi kazipanga kama karanga, na kipande cha boksi:
KAPTENI AFUNGUA MLANGO. SHILINGI ISHIRINI.
Dakika ya mwisho, yenye majina yetu, ameinyofoa.
Pale palipoandikwa *Mavazi: Nyevu*
pana namba yake ya simu.

"Nani kakupa ruhusa?"
Nikaisikia sauti yangu ikitoka kwenye zile kurasa nne.
"Futa. Nakala zote."
Kidogo nimpe siku kumi na nne.

Hakunijibu kwa ufidhuli. Aliuliza tu,
kama mtu anayetaka kujua:
"Kwani dada, huyo kapteni ni wako?"

Kwenye kioo chenye ufa Mwadzombo alikuwa anatetemeka.
Mtoto aliyebeba fungu la mchicha akasimama,
akanivuta kanga: "Baridi hiyo ni ya wapi?"
Ni chumvi, nikamwambia. Gongoni.
Akanitazama kama mwongo.

Nikanunua moja.
Ishirini nilizotoa sijui zilikuwa za nini:
hongo, ushuru, au sadaka.

Jana usiku nikachukua wembe,
nikaitoa nembo, uzi kwa uzi,
maana barua imesema *vazi*, na mimi barua naziogopa.
Mbayuwayu akatoka wote, akawa ngumi ya nyuzi kwenye sahani.
Lakini jua na chumvi vilishalipausha joho lile,
lote, isipokuwa pale alipokuwa ametua:
buluu ya siku pazia lilipokatwa dukani,
mabawa matatu,
wazi kuliko nilivyomdarizi.