Nguzo ya Kondele

Opondo hakuja na rangi.
Alikuja na brashi ya viatu, ndoo ya maji,
na kipande cha gunia.

Nguzo ya daraja ilikuwa imevaa masizi:
miaka kumi ya moshi wa lori
na wa karai la Awuor, mkaanga mbuta.

Akasugua. Likatoka sikio,
kisha kitambaa cha kichwa,
mkono ulioshika mwiko.

"Unachafua mali ya kaunti," askari akasema.

"Nimeongeza nini?"

Askari akachungulia ndoo.
Kuifuta sura ile
ingebidi waoshe nguzo nzima,
na bomba halijatoa tone tangu Jumatatu.

Sisi tulicheka. Awuor hakucheka.
Akageuza samaki,
moshi ukapanda,
ukaanza kumfunika tena,
kidevuni kwanza.