Nguzo Tisa

Nyuma ya daftari la sare za shule,
penye vipimo vya viuno na mabega ya watoto wa Koboko,
nimechora mistari kwa rula ya kushonea
nikaandika: Intaneti. Bei. Mateso.

Safu ya mateso ilijaa kwanza.

Waya umefika mjini, ni kweli, nimeuona,
mweusi, mnene kama mkia wa ng'ombe,
umefika benki ukachoka.
Kutoka benki hadi mlangoni kwangu ni nguzo tisa.
"Mama, nguzo ni juu yako," akasema kijana wa kampuni,
Luate, mwenye viatu visivyojua matope,
na bei ya nguzo moja
ni sketi arobaini pamoja na pindo zake.
Nikamuuliza kama zitakuwa zangu,
kama naweza kuanikia nguo. Hakucheka.

Bando la simu nalijua kama ninavyoujua mgongo wangu.
La usiku ni nafuu, saa sita hadi saa kumi na mbili,
kwa mwenye macho ya bundi.
Jokudu akipakua masomo yake ya ufamasia,
mimi nikishona mashati kando yake,
cherehani ikitetema, kompyuta ikizungusha kile kiduara,
wote wawili tukizunguka mahali pamoja.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Hawajaona kibaba kinachokufa Jumapili usiku
hata kikiwa nusu.

Na mpaka nao una mambo yake.
Ukisimama jikoni simu inakukaribisha Kongo.
Siku moja nilikata vitunguu nikiwa nje ya nchi,
salio langu lote likaishia kwenye nauli.

Taban wa nyumba ya pili ana waifai,
huiuza kwa wiki, kama maziwa.
Ina kasi, sikatai,
hadi kuku wangu aingie mchicha wake.
Hapo paswadi hubadilika.
Mwezi wa tatu ilibadilika mara nne
na kuku walikuwa wawili tu.

Basi ikabaki sahani ile ya juu ya paa,
inayoongea na mbingu bila kupitia benki.
Luate anaiuza nayo, siku hizi.
Bei yake ni cherehani ya pili
niliyoiwekea akiba tangu mwaka wa korona.
Kiden, dada yangu, akasema: umeme ukikatika je?
Nikaandika betri. Akasema: mvua je?
Nikaandika mvua, nikaikolezea wino,
maana Jokudu alizaliwa ikinyesha, jina lake latoka humo,
na mtihani wake umepangwa mwezi wa nane.

Nilijumlisha usiku kucha
kama ninavyokata kitambaa: pima mara mbili, kisha mkasi.
Kila safu ilinipa jibu lake,
wala hakuna safu iliyouliza
kwamba njia inayomleta mwalimu sebuleni kwangu
ndiyo hiyo hiyo itakayoleta barua ya kazi ya Kampala,
nayo itafika upesi,
bila kukwama.

"Ukilipa mwaka mzima, mama, miezi miwili ni bure."
Nilihesabu noti mbele yake, chache za elfu hamsini,
nyingi za elfu tano zinazonuka mafuta ya cherehani.
Nikalipa miezi mitatu.
Jokudu akaniangalia. Hesabu anazijua.

Luate alivua vile viatu ndipo akapanda paa.
Nilimshikia ngazi.
Akaigeuza sahani kaskazini, akaigeuza tena,
akaisoma simu yake, akakunja uso.
Kuna kizuizi, akasema. Ni mparachichi wako.
Nirushie panga, tawi moja tu.

Nikatazama juu. Yalikuwa mabichi, madogo, magumu,
yamejazana kwenye tawi lile lile.
Nikamwambia subiri kidogo.
Hayajakomaa.