Kisima cha Maimu

Zamani Maimu alilala kifudifudi
kwenye kinamasi cha Soomaa, kule Estonia,
shavu topeni, maji yakimpanda hadi kitovuni,
akarudi nyumbani na kikohozi cha wiki tatu.

Sasa magoti yamegoma.
Amefunga nyuma ya kamera kijibomba chenye kioo,
kimepinda kama kiwiko,
na kamera ndiyo inayolala topeni.
Yeye huinama tu, kama achunguliaye kisima,

na humo kisimani, badala ya uso wake mzee,
kijani chekundu cha mmea ulao wadudu,
tone la gundi kwenye kila unywele,
na mbu aliyenasa,
mguu mmoja bado huru.

Maimu anabana pumzi.
Upepo nao, mara ya kwanza tangu alfajiri,
unabana yake.

Habofyi.
Anausubiri mguu ule uamue.