Saa Kumi Alfajiri, Oulu

Saa kumi alfajiri, yasema saa ya ukutani,
lakini Januari ya Oulu haina alfajiri:
jua huchungulia saa nne, kama mgeni asiyetaka kuvua koti,
na kabla ya saa tisa limekwisha aga.
Raili Kemppainen halingoji.
Kahawa nyeusi, anainywa amesimama,
kisha trekta, na jembe lake la chuma,
na theluji iliyoshuka usiku kucha bila kubisha hodi.

Analima. Ndiyo, nasema analima,
na kinachoota nyuma yake ni njia:
nyeupe, bapa, changarawe imenyunyizwa
kama chumvi juu ya samaki.

Haanzi na barabara ya magari.
Hilo lilinishangaza mimi, mpangaji wake,
niliyekuja na koti la kuazima na masikio yasiyojua baridi.
"Magari yana uzito," akasema, "yatajikanyagia.
Mtoto wa miaka saba ana nini? Ana miguu na kengele."

Nikampa methali ya kwetu: penye nia pana njia.
Akaitafuna polepole, kama mkate wa shayiri,
akaigeuza upande wa pili.
"Hapa ni kinyume. Weka njia.
Nia itakuja yenyewe, na mkoba mgongoni."

Na huja. Saa mbili kasoro robo,
nyuzi ishirini chini ya sifuri,
taa ndogo zinatokea kati ya misonobari, moja, tatu, tisa,
Vilja na Onerva, Eelis mwenye glavu zisizofanana,
pumzi zao zinafuka kama birika,
moshi pekee wanaoutoa.

Ng'ambo ya uzio, Kauko
anakwangua kioo cha gari lake. Dakika ishirini anakwangua,
injini ikinguruma, ikikohoa ndani ya giza,
ili aende mita mia nane kununua mkate.
Simcheki. Nami kwetu niliwahi kudhani
mtu mzima ni mtu mwenye funguo za gari,
na baiskeli ni ya muuza maziwa, au ya aliyeshindwa.

Jumanne moja trekta liligoma.
Raili alilala chini yake na spana, akitukana kwa Kifini,
lugha ambayo hata matusi yake yana irabu mbilimbili,
na theluji ikafika magotini.
Nikadhani leo shule haitaona mtu.
Akaja Ilmari wa darasa la sita. Akashuka. Akasukuma.
Gurudumu lake likachora mstari mmoja.
Wa pili akaufuata, wa tatu akaushindilia,
wa kumi na tano hakushuka tena,
na wa arobaini akapita mbio, anapiga kengele bila sababu.
Raili akatoka uvunguni mwa trekta, uso umejaa grisi.
Hakusema kitu. Alihesabu tu, mpaka wa mwisho,
kama anayehesabu vikombe baada ya karamu.

Kauko naye alikuwa dirishani.
Jioni nikasikia pampu bandani kwake: fyuu, fyuu,
kimya kirefu,
halafu fyuu.
Baiskeli ilikuwa ya marehemu mkewe, Tuulikki,
ya bluu, na kikapu.

Sikumwona akiipanda, siwezi kuapa.
Nilichokiona ni asubuhi ya Alhamisi, theluji mpya:
alama ya gurudumu kutoka langoni kwake,
imepinda-pinda kama mwandiko wa mtoto,
ikaanguka mahali pamoja, ikainuka,
ikaishia kwenye duka la mkate.

Raili akaifikia na trekta lake.
Akainua jembe,
akaipita bila kuifuta.