Kondo Moja

Jeli ni baridi, Nelima, samahani,
chupa imelala usiku kucha dirishani
na Julai ya Nairobi haina huruma na tumbo la mtu.
Vuta pumzi. Geukia ukuta kidogo.
Hapo.

Naandika: mshiriki wa thelathini na moja,
wiki kumi na tisa, fundi wa kufuma masweta,
Kariobangi Kusini, mimba ya kwanza.
Kondo: moja. Vifuko: viwili.
Katikati yao utando mwembamba
kuliko ngozi ya kitunguu.

Aliye chini, karibu na mlango, tunamwita A.
Wa juu ni B.
Ukacheka: "Kwetu hawa wana majina tayari.
Anayetangulia ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo,
hapo hata mama mkwe hana la kubisha."
Nikacheka nawe. Nikaandika A, nikaandika B.

Utafiti wetu unauliza jambo dogo tu:
nani anampa nani, na kiasi gani.
Penye kondo moja mishipa hukutana gizani,
damu ikavuka bila kubisha hodi,
na yuko mtoto anayetoa, anatoa.
Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Hawakuuona moyo huu, mdogo kama karanga,
ukitoa mpaka kibofu cha mwenyewe kikakauka.

Wiki ya ishirini na moja.
Maji ya A: sentimita moja na nukta mbili.
Maji ya B: kumi na moja.
A amebanwa pembeni, utando umemganda
kama nguo iliyolowa mvua.
B yumo bwawani, amevimba
kwa ukarimu asiouomba.
Nilipima mara tatu. Ile ya tatu sikuwa napima,
nilikuwa natafuta la kukuambia.

"Daktari, mbona umenyamaza?"

Mimi si daktari, Nelima. Ni mpiga picha.
Kuona ni kwangu, kusema ni kwa mwingine,
na huyo mwingine alikuwa chumba cha upasuaji
mpaka saa nane.
Ukangoja kwenye benchi ukifuma mkono wa sweta
la maruni, la shule usiyoijua.

Wakakueleza: ipo taa nyembamba
inayoweza kuingia ndani na kuiziba mishipa ile, mmoja mmoja.
Uliuliza iko wapi. Uliuliza bei.
Hukuuliza la tatu.
Wakavuta maji kwa sindano, lita moja na nusu,
na baada ya wiki mbili, mengine.

Wiki ya ishirini na saba nilimkuta A ametulia.
Nikaongeza sauti ya mashine, nikapunguza, nikaongeza.
Mpigo ulikuwa mmoja.
Safari hii hukuuliza mbona nimenyamaza.

Wiki ya thelathini na tatu, usiku, umeme ukipotea na kurudi,
akaja wa kilo moja na gramu mia sita, analia.
Yeye ndiye aliyetoka kwanza.
Nyuma yake, kimya, yule aliyekwisha kutoa.

Kwa desturi basi aliye hai ni Mukhwana;
mama mkwe alishapiga simu kutoka Kimilili kulithibitisha.
Ukakataa. Umemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
ukaniambia mimi niliyekuja na fomu:
"Andika Mulongo. Mwenzake alitangulia."

Kompyuta haikubali.
Inataka A awe na saa, uzito na kilio
kabla ya kumruhusu B kuwepo.
Nimeiacha safu wazi.
Mtakwimu ameniandikia mara mbili,
anauliza data ya thelathini na moja iko wapi.

Iko Kariobangi, ina miezi minne.
Juzi niliiona imevaa sweta la maruni
lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.