Ringi ya Lori

Kengele ya shule yetu ni ringi ya lori,
inaning'inia kwa mnyororo, inagongwa kwa nondo.
Miaka kumi na moja niliipenda.
Siku hizi ikilia naanguka kama ubao,
mgongo umekaza, taya zimekaza,
chaki ingali vidoleni.

Sukari ilitangulia. Nilikuwa kidato cha tatu.
Majirani walianika dagaa;
Mama alizika mtungi mchangani nyuma ya jiko,
insulini isiharibike umeme ukikatika.

Kisha kukakamaa huku. Igogo nzima ilikwisha kukupa jina:
jini, kiapo cha babu, wivu wa mke mwenza
(sijaolewa hata mara moja).
Daktari Bugingo, kilimani Bugando,
alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
Askari wa damu yako, Mwalimu, wamekosea nyumba.
Walianza na ghala la kongosho,
sasa wanakata nyaya zinazotuliza misuli.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo huvuliwa.
Mimi nivue nini?

Akanieleza seli shina.
Huvunwa kwako mwenyewe, huwekwa kwenye baridi kali,
kisha askari wote hufukuzwa kwa dawa,
nywele zikiondoka nao,
na mbegu ile hurudishwa mshipani
izae jeshi lisilo na kinyongo cha zamani.
Nikauliza, "Litanijua?"
Akafunga kalamu. "Wengine limewajua.
Wengine, baada ya miaka, limewasahau.
Wachache hawakutoka wodini."
Bei aliiandika kwa penseli,
nadhani ili iweze kufutika.

Nilishuka kwa miguu, nikijishika kwenye mawe.
Kivuko cha Kamanga kikapiga honi.
Nikaganda katikati ya barabara,
bodaboda zikinipita huku na huku,
na mama mmoja wa nyanya akinishikia mkoba
bila kuuliza, mpaka nikalegea.

Jumatatu, saa nne, sikusikia ringi.
Mlangoni alisimama Ng'walu wa darasa la nne,
magoti yana vumbi, kitambaa chekundu mkononi.
Akakipunga mara tatu, akaenda darasa la pili.
Nani kamtuma, hasemi.
Nondo imefichwa, hata mlinzi hajui wapi.

Watoto mia nne walitoka kimyakimya,
wamebana vicheko kama maji mdomoni,
wakavitema walipofika bombani.

Nilibaki nimesimama.
Kadi imo pochini.
Ile penseli sijaifuta.